Gari Lililozimika kwa Koko Nsimire

Asifiwe, binti yangu, maman wangu,

Umepanda mpaka mtaa wa Kadutu kumuaga tantine, shangazi yako, nami nimefunga garaji mapema ili nikuandikie wakati bado kuna mwanga. Mafundi wenzako nimewapa ruhusa waende nyumbani. Nimekaa kwenye lile benchi la batri, na kutoka hapa ninaliona ziwa, kile kipande kidogo kinachoonekana kati ya nyumba za mtaa wetu wa Nguba. Kesho asubuhi utakuwa juu ya maji hayo, na jioni watu wa kituo cha afya cha kisiwa cha Idjwi watakuwa wamekwisha kukuonyesha gari lao moja na boti yao moja, na kukuambia, "Hivi njo tunavyo. Vitunze."

Mambo ya chandarua, ya sweta kwa sababu ya upepo wa ziwa, ya kuchemsha maji, nimekwisha kukuambia mpaka umechoka. Juzi ulinijibu, "Maman, mi niko mutu mukubwa." Sawa. Sitayarudia. Nataka kukusimulia habari ya koko Nsimire, yule bibi mzee wa njia ya Kavumu, mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu umeisikia vipandevipande tu, na zaidi umeisikia kwa tonton wako Mugisho. Kaka yangu akiisimulia, watu wote wanacheka, na inaishia pale gari lilipowaka. Haikuishia pale.

Ulikuwa bado shule ya msingi. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa tayari katika garaji ya Mugisho. Yeye alikuwa mtu wa moteri na breki, mimi nilikuwa mtu wa umeme, na jina lilikuwa limeanza kutoka. Gari likigoma kuwaka, watu walisema, "Peleka kwa Nabintu, ule maman wa umeme." Nilikuwa nimenunua kipimo kizuri, kile cheusi unachokijua, na nilikitundika shingoni kama daktari anavyotundika kifaa chake. Usicheke. Nilijivunia jina hilo, na nilikuwa na haki ya kujivuna. Kazi niliijua.

Ndipo akaja Bisimwa. Alikuwa shofere kijana mwenye Corolla ya zamani, akibeba watu na mizigo kati ya Bukavu na Kavumu. Usiku mmoja alifika akaliacha gari uani kwetu, akarudi asubuhi, macho mekundu.

"Maman, gari yangu iko nakufa njiani."

"Inakufa wapi?"

"Pale juu ya kilima, mbele kidogo ya kufika Kavumu. Karibu na kwa koko yangu. Tukingoja, inawaka tena, inaenda muzuri."

Nilifungua kapo. Chini ya kifuniko hicho cha moteri nilitoa buji, zile plagi za cheche, moja moja nikazitazama: rangi ya biskuti, kavu, kauri zake hazina ufa. Nilifungua kifuniko cha deliko, ile inayogawa cheche, nikakipanguza, nikakigeuza kwenye jua kutafuta ile mistari myembamba myeusi ambayo cheche hupenda kupita. Hakuna. Nilipima nyaya. Nilipima bobini, ile koili inayozaa cheche, na namba zilikuwa pale zinapopaswa kuwa. Mwisho nilichukua buji ya akiba, nikaifunga mwili wake kwenye chuma cha moteri kwa kibanio, mbali na petroli, nikamwambia Bisimwa awashe. Cheche ilitoka ya buluu, nene, yenye kelele. Nikarudisha waya mahali pake, moteri ikawaka na kunguruma pale uani bila kukohoa.

Mashofere wengine walikuwa wamesimama wakitazama. Nilifunga kapo, nikafuta mikono, nikasema kwa sauti ili wote wasikie:

"Bisimwa, gari yako haina kitu. Enda kazi."

Alirudi tena baada ya muda, nikabadilisha buji ingawa zilikuwa nzima, maana mtu akirudi ni lazima umfanyie jambo. Akaenda garaji nyingine, wakambadilishia pompe ya petroli. Kisha hakuonekana tena, nami nikadhani gari limepona.

Ni Mugisho aliyeleta habari. Alikuwa ameenda Kavumu kununua maharage, akarudi hana uso wa mtu aliyetoka sokoni.

"Nabintu, unamukumbuka Bisimwa, ule wa Corolla? Banasema koko yake iko naroga gari."

"Nani anasema?"

"Watu wote kule. Wajomba wake, watu wa chumba cha maombi. Na banasema wewe njo ulisema."

"Mimi?"

"Banasema hivi: hata fundi Nabintu, mwenye mashine ya kupima, alisema gari haina kitu. Kama gari haina kitu, basi kitu kiko kwa mutu."

Kwanza niliwakasirikia wao. Nilisema maneno mengi juu ya ujinga wa watu, na Mugisho akaniacha nimalize. Halafu akanieleza kilichotokea kwa yule mama mzee. Koko Nsimire ndiye aliyemlea Bisimwa tangu mama yake alipokufa. Alilima viazi vitamu, na siku za soko Bisimwa alisimama mbele ya nyumba yake, akapakia mifuko yake na kumpeleka Kavumu. Na kila mara, koko akishapanda, gari lilienda mwendo wa kutupa jiwe kisha likazimika. Abiria walikuwa wameanza kushuka walipomwona anakuja na mifuko yake. Sasa wajomba walikuwa wamemtoa nyumbani kwake. Alilala jikoni kwa jirani, juu ya mkeka, na watoto walimtupia mawe akienda kuchota maji.

Jioni ile nilikaa nikinyambua sombe, yale majani ya muhogo, na lile neno langu halikunitoka masikioni. Sikuwa nimedanganya, Asifiwe. Ndilo jambo lililonichoma. Kila kipimo nilichofanya kilikuwa sahihi. Lakini nilipima gari lililokuwa limelala usiku kucha kwenye baridi, na gari lililolala halikuwa na ugonjwa. Nilikuwa nimeambiwa linakufia juu ya kilima, likiwa limechoka na limebeba, nami nililipima uani, likiwa limepumzika na tupu. Kisha nikasimama mbele ya watu, nikasema hakuna.

Asubuhi nilimwambia kaka yangu ninaenda.

"Achana nayo, dada," alisema. "Ukipanda ile gari na ikufe, watasema na wewe uko mulozi."

"Waseme."

"We na kichwa yako!"

Lakini alinipa sanduku lake la funguo za kufungulia nati.

Nilimkuta Bisimwa kwenye kituo, nikamwambia apakie kama siku zote, watu na mifuko, nami nitakaa mbele. Hakutaka kunitazama usoni. Tuliondoka. Corolla ile ilipanda vilima vyote vizuri kabisa, na jua lilikuwa kali. Tulipofika juu, mbele ya nyumba ya koko iliyofungwa, hakuna lililokuwa limetokea.

"Unaona?" akasema taratibu. "Haifi. Mpaka yeye apande."

Hapo nilimwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza siku ya kwanza.

"Bisimwa, koko akipanda, unafanya nini? Nielezee yote."

"Nafanya nini? Nazima moteri. Tunapakia viazi yake, anaaga watu, unajua wazee. Anapanda, tunaenda."

"Unazima moteri."

"Ndiyo, kwa kulinda petroli."

Mwanangu, nilitaka kuruka nje ya gari palepale. Wewe unajua kwa nini, lakini siku ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona. Moteri iliyotoka kupanda mlima, ukiizima, haipoi mara moja. Hakuna tena upepo unaoipiga, feni imesimama, na joto lote linapanda chini ya kapo na kukaa humo kama ndani ya tanuru. Vitu vya umeme vinapata moto zaidi kuliko vilipokuwa vikifanya kazi. Koko hakuwa amefanya lolote isipokuwa kuaga watu polepole.

"Zima moteri," nikasema. "Na mumuite koko."

Walimtoa kwa jirani. Alikuwa mama mdogo wa umbo, ameinama, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbali.

"Sipandi," alisema. "Ikikufa tena, hawa wataniua."

"Koko," nikamwambia, "leo mi nataka ikufe. Ikufe nikiwa hapa."

Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa, akatikisa kichwa, akakaa kwenye jiwe kando ya mlango. Basi, nikasema, akae palepale. Tulingoja muda ambao kwa kawaida wangetumia kupakia na kuagana. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na wajomba wawili wa Bisimwa walikuwapo. Kisha nikamwambia Bisimwa awashe, twende. Gari liliwaka. Likaenda mpaka kwenye mgomba wa kwanza, likatetemeka, likazimika.

Koko alikuwa bado juu ya jiwe lake. Nilishuka nikageuka kwa watu, nikidhani jambo limekwisha kujieleza lenyewe.

Mjomba mmoja akasema, "Mumeona? Ata kwa mbali anaweza!"

Ndiyo hivyo, Asifiwe. Mtu aliyekwisha kuamua hasumbuliwi na jambo moja. Nilifungua kapo. Buji ya akiba kwenye waya, mwili wake kwenye chuma, Bisimwa akageuza ufunguo: moteri ilizunguka, buji ikakaa nyeusi. Hakuna cheche hata moja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu katika machimbo ya Shabunda! Nilipima bobini, na kipimo kilekile kilichokuwa kimenipa namba nzuri pale garajini Nguba sasa hakikunipa kitu. Waya wa ndani ulikuwa umeachana kwa sababu ya joto. Nilimwita yule mjomba.

"Papa, leta mukono. Gusa hii polepole."

Aligusa bobini kwa kidole, akautoa mkono haraka na kuupuliza.

"Hii njo inatengeneza moto wa kuwasha petroli," nikamwambia. "Ikipata joto sana, uzi wake wa ndani unakatika. Ikipoa, unashikana tena. Sasa tazama."

Nilichovya kitambaa kwenye maji, nikakifunga juu ya bobini. Tulingoja. Nikakilowesha tena. Hakuna aliyeondoka. Nilipogusa tena na kipimo, namba zilirudi. Nikamwambia Bisimwa ageuze ufunguo, na ile buji ikapiga cheche ya buluu mbele ya macho ya wote, ta-ta-ta-ta, na mtoto mmoja akapiga makofi.

Nikamwendea koko. "Sasa panda, koko. Kaa mbele, pahali pangu."

Alipanda. Nilikuwa nimeona watu wakiingia kwenye magari maisha yangu yote, lakini sikuwa nimeona mtu akiingia vile, akishika mlango kwa mikono miwili. Tulishuka mpaka Kavumu pamoja naye, na halikuzimika. Huko tulipata bobini nyingine kwa muuza vipuri, nikaifunga palepale kando ya barabara. Kisha nikawarudisha wote juu ya kilima, nikazima moteri, nikawaambia wapakie viazi na koko aage watu kwa raha zake. Tuliwasha, tukaenda, tukapita mgomba wa kwanza, wa pili, watu wakapiga vigelegele.

Mugisho anaishia hapo.

Tuliporudi mbele ya nyumba, Bisimwa alikuwa na ile bobini mbovu mkononi. Aliitupa kwenye majani, akamgeukia koko akicheka na kulia kwa pamoja, akataka kumkumbatia. Koko alimzuia kwa kiganja.

"Ile imekufa, umetupa, umenunua ingine," akasema. "Na mimi koko yako, ungenunua ingine wapi?"

Bisimwa alipiga magoti palepale kwenye vumbi.

Wajomba walimrudisha nyumbani kwake siku ile. Baadaye ukoo ulikutana, wakaleta kasiksi, pombe ya ndizi, wakaomba msamaha kama inavyofanywa kwetu, na koko alikunywa, maana yake alisamehe. Lakini siku za soko alitembea. Alibeba viazi vyake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na Corolla ya Bisimwa ilimpita taratibu, yeye akitazama mbele. Misimu miwili ya mvua alitembea hivyo kabla ya kukubali kupanda tena. Bisimwa alikuwa akisimama kila mara na kufungua mlango, kila mara, na ninamheshimu kwa hilo.

Mimi pia nilienda kumwomba radhi. Nilienda peke yangu, siku ya Jumapili baada ya misa. Alikuwa akimenya maharage, akanipa kigoda.

"Wewe ulisema nini juu yangu?" akaniuliza.

"Koko, juu yako sikusema kitu. Nilisema tu gari haina kitu."

"Hiyo njo kusema juu yangu."

Alimenya kidogo, kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia: "Siku ingine, kama haujaona, sema haujaona. Haitakuua."

Haikuniua, Asifiwe. Nilidhani wateja watanikimbia, kwamba fundi anayesema "sijaona" ni fundi wa kuhurumiwa. Waliongezeka. Tangu wakati ule ninapanda magari ya watu, ninawafuata kwenye milima yao, ninangoja mvua kama gari lao linaogopa mvua. Nimekunywa chai na mashofere wengi nikingojea gari lizimike. Umenikasirikia mara ngapi nilipochelewa kurudi nyumbani? Nilikuwa huko, nikingoja kitu kife.

Nimefanya makosa mengine, mengi, na mengine ni ya kijinga tu. Unajua habari ya siku nilipotaka kuwaonyesha vijana kwamba siogopi, nikashika waya wa buji kwa mkono mtupu wakati moteri inazunguka, nikajikuta nimekaa ndani ya beseni la oili. Hiyo mwache Mugisho aisimulie, ndiyo inayomfaa. Bega liliniuma wiki nzima, mdomo wangu wa majivuno ukapona milele. Lakini lile la koko Nsimire ndilo ninalotaka usafiri nalo, kwa sababu kule unakokwenda utakuwa peke yako. Hapa ukikosea, mimi nipo, Mugisho yupo, kuna garaji nyingine barabara ya pili. Kisiwani neno lako ndilo litakalokuwa la mwisho. Ukisema boti ni nzima, mama mwenye uchungu wa kuzaa atapandishwa ndani yake. Ukisema gari halina kitu na likazimika, watu watatafuta kitu hicho mahali pengine, na mara nyingi wanakitafuta kwa mjane, kwa mzee, kwa mtoto asiye na wazazi.

Usidhani ninakuandikia haya kwa wasiwasi. Ningekuwa na wasiwasi nisingekuachia uende, unanijua. Nitakuambia ni lini niliamua.

Ni mwanzoni mwa mvua hizi. Lile minibasi la wanakwaya lilikuwa limeletwa kwa sababu lilikuwa linazimika njiani, na nilikuwa nimekuachia wewe. Mimi nilikuwa chini ya lori, mgongo kwenye kartoni, siwaoni isipokuwa miguu yenu. Ulikuwa umefanya vipimo vyote. Shofere wao alikuwa na haraka. Walikuwa na arusi ya kuimbia, na bibi mmoja wa kwaya, mwenye viatu vya kijani, alikuwa anapigapiga mguu.

"Mademoiselle, tuambie basi. Iko nzima ao haiko nzima?"

Niliacha kukaza nati. Nilijua cheche ilikuwa nzuri, nilikuwa nimeisikia ikipiga. Nilijua unavyopenda kumaliza kazi. Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa palepale kwenye ulimi wako.

Ukasema, "Papa, bado sijaona. Cheche iko muzuri, lakini hapa ndani hakuna mvua, na nyinyi inawafia kwa mvua. Ngojeni kidogo."

Viatu vya kijani vilisimama. Shofere akasema, "Tutachelewa." Nawe ukasema, "Mutachelewa hapa, ao mutachelewa katikati ya barabara na nguo ya arusi." Nilisikia bibi yule akicheka. Kisha miguu yako ikaondoka, ikarudi na kopo la kumwagilia mboga za tantine wako, na, kama ulivyonisimulia baadaye, ukaanza kunyunyiza maji polepole juu ya nyaya na deliko, moteri ikiwa inazunguka, kiganja umeweka juu kutengeneza giza ili uione cheche inayotoroka. Na moteri ikakohoa. Ukapiga kelele, "Nimeona! Ule pale, kwenye kifuniko!" kama mtu aliyemwona nduguye ng'ambo ya soko.

Kazi yangu chini ya lori haikuwa imekwisha, lakini nilibaki nimelala hapo, mikono juu ya tumbo, nikitazama chuma juu yangu bila kukiona. Ulidhani nimesinzia. Ukaja ukainama, uso wako wote oili, ukaniuliza, "Maman, uko muzima?"

Nilikuwa nimekwisha kukuacha uende.

Mungu akuvushe salama. Uwasalimie watu wa kisiwa, na ukiwa na muda, piga simu, hata kama huna la kusema.

Mama yako,
Nabintu